Hariri ya Kutafuniwa

Kioo cha simu kilikuwa kimelowa. Mdogo mtu, Kifungo, aligundua alipoinyanyua ile simu kutoka juu ya meza ya pasi ili atandaze sketi ya mteja, na kwanza akadhani ni jasho, maana lilikuwa joto la kumtoa nyoka pangoni na chumba chao cha mbele, kilichokuwa karakana ya ushonaji, kilikuwa na dirisha moja tu. Akakifuta kwa kipande cha bitana. Ule unyevu ukavutika. Ukaning'inia kati ya kioo na kitambaa, uzi mzito wenye vipovu, haukatiki. Akanusa vidole vyake. Vilinuka mto wa mgonjwa anayelala mdomo wazi.

"Dada, simu yako ina mate."

"Ilete," akasema dada yake, mkono tayari umenyooshwa.

Walikuwa ndugu wawili na cherehani mbili. Mkubwa alikata, mdogo alishona. Mtaa ulikuwa na washonaji wengi lakini ukisema Fundi, bila kuongeza neno, ulimaanisha huyu mkubwa, ambaye alimtazama mtu akivuka barabara na kujua bega lipi limeshuka. Mdogo walimwita Kifungo kwa sababu alikuwa mfupi, wa mviringo, na kazi zake zilikuwa vifungo, pindo na pasi. Hakuwahi kulalamika. Dada akikata, yeye alifuata chaki, na nguo ikatoka nguo.

Balaa lilianza alipokuja Mwalimu. Alifundisha hesabu sekondari, mwanamke wa makamo mwenye ulimi mkali, na alikuwa anaolewa, jambo ambalo alilitangaza kama anayemwambia mtu kuwa basi limechelewa. Alikuwa na kibyongo tangu utotoni, kimepanda upande wa kulia, na nyonga moja chini ya nyingine. Alitoa kwenye mkoba kitambaa kimoja cha hariri, rangi ya maziwa, alichoachiwa na marehemu mama yake. Kingine kama hicho hakikuwepo popote. Akaeleza kwamba ameshaingia maduka yote ya nguo za harusi, na kote humpa shali ajifunike.

"Sitaki kujifunika," akasema. "Nataka gauni linalojua kwamba nina mgongo."

Siku zote Fundi alimpima mteja kabla hajamaliza kusalimia. Siku ile aliuacha utepe wa kupimia shingoni. Alisema aachiwe kwanza atazame wengine wanafanyaje. Kifungo akashtuka, kwa kuwa hajawahi kumsikia dada yake akiwataja "wengine" isipokuwa kwa kuwacheka. Ukweli ni kwamba Fundi aliogopa. Kukata ni kitu kibaya. Mkasi ukishapita haurudi nyuma, na ile hariri ilikuwa moja. Kutazama hakuharibu kitambaa cha mtu.

Basi akatazama. Vidole vyake, vilivyosuguliwa na sindano na chaki kwa miaka, kioo cha simu kilikuwa hakivisikii, kwa hiyo alifanya kile ambacho kila mshonaji hufanya na ncha ya uzi kabla ya kuipitisha kwenye tundu la sindano: alilamba kidole. Alilamba, akatelezesha. Akalamba tena. Video moja ya mwanamke akikata hariri, halafu nyingine, halafu nyingine. Hakuna aliyemwambia kwamba mate si kitu cha kumpakia usiyemjua usoni. Uzi hauli. Lakini mlangoni mwa vitu vingine, kama kioo kile, huwa kuna anayengoja kuonjeshwa.

Alisema anajifunza. Kujifunza ni neno la heshima. Ukilitamka hakuna anayekudai ushahidi. Akawa anajua majina ya mishono ambayo hajawahi kuishona, akawa anawachambua mafundi wa mbali kama profesa mwenye kiti chake, huyu anavuta sana, yule hajui bitana, huku nguo za wateja zikilundikana mpaka zikafunika cherehani yake. Akitazama mtu akimaliza gauni, alishusha pumzi kama aliyelimaliza yeye. Labda hiyo ndiyo ladha yenyewe. Mikono ikawa laini. Sugu ya kidole gumba, aliyojivunia kuliko cheti chochote, ikabanduka kama ganda la kitunguu, na hakuitafuta ilikoangukia.

Kisha akaacha kula. Kifungo alipakua, akafunika, akafunua, akamwaga. Kila alipoulizwa, Fundi alijibu kwamba ameshiba, na kweli tumbo lilikuwa limejaa, limetuna chini ya kanga ya kazi hivi kwamba majirani wakaanza kuulizana kwa macho ni nani huyo bwana. Ingekuwa heri angekuwepo bwana.

Sauti ndiyo iliyomkosesha Kifungo raha. Cherehani yake ikinguruma haisikiki. Akifika mwisho wa mshono, akiinua mguu, katika ule ukimya mfupi kabla hajageuza kitambaa, alisikia kitu kikitafuna. Utafunaji wa polepole, wenye majimaji, wa mtu asiye na haya mezani. Kisha kumeza. Akigeuka, alimwona dada yake peke yake na simu mapajani, mdomo umefunguka kidogo, kidevu kinang'aa. Vipande vya bitana na lesi vikaanza kupotea sakafuni. Baadaye ukapotea mkono mzima wa blauzi ya mteja, na pale ulipokuwa umeunganishwa nyuzi zilikuwa zimelowa.

Kifungo akaitoa ile hariri kabatini, akaichomeka chini ya godoro lake. Hakujua anaificha isionwe na nani.

Siku aliyojua, alikuwa ametoka kununua uzi. Ilikuwa alasiri, jua limewaka, watoto wa jirani wanaruka kamba barabarani. Majini wa zamani walikuwa na adabu ya kungoja giza, huyu hakufundishwa. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Akausukuma kwa kiwiko, akamwona dada yake kwenye kiti chake kilekile, shingo imeinama, na nyuma ya kiti, pale ambapo ukuta na sanamu ya kuvalishia nguo viliacha nafasi isiyomtosha hata paka, kimesimama kitu kirefu, cheupe kama ngozi ya kidole kilicholowekwa usiku kucha, hakina macho, maana pa macho ngozi ilikuwa imejifunga laini kama goti, hakina pua, hakina chochote ila mdomo, na ule mdomo ulikuwa unatafuna kwa meno mafupi ya kitoto, taratibu, mashavu yakituna na kunywea, mpaka tonge lilipoiva, kikainama juu ya bega la Fundi, kikaibandika midomo yake juu ya midomo ya Fundi kama ndege anayelisha kinda, kikasukuma, na koo la Fundi likapanda na kushuka huku kidole chake kikiendelea kutelezesha kioo, juu, juu, juu, bila kukosea, na lilipokwisha kumezwa lile tonge ukatoka ulimi wa kijivu, mrefu, ukamlamba kidevuni, ukayakusanya mate yote yaliyokuwa yamemchuruzika, kwa uangalifu, kama mtu anayekomba sahani.

Mabunda ya uzi yakamponyoka Kifungo mikononi. Fundi akainua macho, na nyuma yake palikuwa na ukuta.

Kifungo alipiga magoti mbele yake. Alikuwa ananong'ona bila kujua kwa nini.

"Dada. Unakula nini?"

"Sili," akasema Fundi, naye akinong'ona, kwa upole. "Naletewa. Ni laini, mdogo wangu. Huna haja hata ya kutafuna."

Pumzi yake ilinuka vitambaa vilivyooza.

Kifungo akaenda kumtafuta mganga. Aliyesifiwa zaidi alijiita Tabibu, kijana nadhifu, ambaye alifika na ubani wake, kitabu chake, miguu mitatu ya kusimamishia simu na taa ya duara. Alianza na taa. Alimsogeza Fundi kidogo kushoto ili ukuta wenye ufa usionekane, akamwomba Kifungo, kama atalia, alie upande huu. Kisha akawasalimia watazamaji wake, akasoma alivyosoma, akafukiza alivyofukiza, na kwa sauti ya mtangazaji wa mpira akamtaka jini ataje jina lake.

Jini akajibu. Alijibu kwa kinywa cha Fundi lakini kwa sauti ya mwanamke mchangamfu wa kwenye video, yule yule wa kukata hariri: "Karibuni tena wapendwa wangu. Msisahau kutufuata." Ndipo Fundi akatapika. Yalitoka matonge, moja baada ya jingine, ya ukubwa wa yai, yenye utelezi, na kila tonge lilipopasuka sakafuni lilionyesha lililobeba: lesi, meno ya zipu, vifungo vya lulu, pindo zilizoshonwa vizuri na mikono ya watu wasiojulikana, kazi za wengine tupu, zimetafunwa zote zikawa rangi moja, rangi ya kinyesi cha mtoto anayeota meno. Tabibu akaichomoa simu kwenye miguu yake akaisogeza karibu, akizunguka lile dimbwi, akirudia maneno "mnaona wenyewe, mnaona wenyewe," na mdomo wake, Kifungo aliuona, ulikuwa umeanza kufunguka.

Akatangaza jini ametoka. Akakunja taa, akaaga, akaondoka na furaha ya mtu aliyeokota. Hakuwa amefika kona wakati kile kitu kilipochuchumaa nyuma ya kiti, kikaokota matonge yale yale sakafuni, kikaanza kuyatafuna upya.

Ile klipu ikasambaa. Watu waliandika kwamba wameitazama wakiwa wanakula, wakiwa kazini, wakiwa msalani. Kifungo naye aliitazama, mara ya kwanza kwa woga. Ya pili hakuwa na sababu. Alipojikuta anataka ya tatu aliizima simu yake akaitumbukiza kwenye ndoo ya vitambaa vichafu.

Usiku uliofuata kitu kiliingia chini ya godoro lake. Alilivuta lile bunda la hariri kwa nguvu zote, na lilipomjia mikononi pembe moja ilikuwa imeliwa.

Kulipokucha akaja Mwalimu, bila kuitwa, kuuliza gauni lake. Alisimama mlangoni, akakunja pua. Kifungo alimvuta pembeni akamweleza yote kwa sauti ya chini, akilia, akimwonyesha pembe iliyoliwa. Alitegemea atatukanwa. Mwalimu aliishika ile pembe kwa vidole viwili, akaitazama, akainusa. Kisha akasema anaijua hiyo harufu. Darasa lake hunuka hivyo siku wanafunzi wote wanapoleta jibu moja.

"Kinatafuna nini hasa?" akauliza.

"Kazi zilizokwisha kushonwa. Kinamlisha Dada, halafu kinamnywa mate."

"Mwili huu hakuna aliyewahi kuushonea," akasema Mwalimu. "Kwangu hakina cha kutafuna."

Akaingia, akafunga mlango, akavua blauzi. Akampa Fundi mgongo, mtupu, katika mwanga wa dirisha, ule mgongo ambao hata mchumba alikuwa hajauona mchana.

"Fundi. Nipime."

Simu ikaendelea kuimba mapajani. "Sijaona mfano wake," akasema Fundi, ulimi mzito.

"Na hutauona."

Kifungo aliutazama ule mgongo ukisisimka kwa baridi ya aibu na Mwalimu akikataa kugeuka. Alitamani kumfunika. Akaushika badala yake mkono wa dada yake, laini, wenye unyevu, kama kitu kilichoganduliwa kutoka kwenye gome, akauweka juu ya kibyongo. Vidole vikatulia. Halafu kimoja kikasogea, kikatafuta mfupa, kikaupata, kikateremka nao, na Fundi akasimama. Simu ikaanguka.

Alipima kwa vidole kwanza, kisha kwa utepe, akirudia, akisahau, akitukana. Aliomba kitambaa cha bei rahisi cha kujaribia, akakikata, na kilipovaliwa kilikuwa kitu cha kutia huruma, kimekaa kama hema lililong'olewa upande mmoja. Kifungo akainamisha uso. Mwalimu alijitazama kwenye kioo cha ukutani bila kupepesa.

"Hili linanidharau," akasema. "Fumua."

Akafumua, akakata jingine, likadharau kidogo, akafumua. Mwalimu alikuja kila jioni baada ya shule, akasimama na madaftari ya kusahihisha mkononi, na kila jioni kile kitu kilikuwepo, sasa Kifungo alikiona waziwazi, kikimfuata Fundi hatua kwa hatua kuzunguka meza, kikimnyooshea tonge, kikilipitisha mbele ya midomo yake, gauni zuri lililokwisha, bila jasho, bila kukosea, na Fundi alilisukuma kwa bega kama mtu anayefukuza mbwa jikoni, maana mikono ilikuwa na kazi, na ndipo kikaanza kumlamba, kidevu, mashavu, pembe za mdomo, kikitafuta mate, kisiyapate, kwa kuwa mtu aliyeshika mkasi juu ya hariri isiyo na pacha mdomo hukauka mpaka ulimi ukashika kaakaa, kikalamba meno, kikazamisha ule ulimi wa kijivu nyuma ya meno yake na bado Fundi hakuinua macho, alikuwa anatazama mstari wa chaki, alikuwa anatetemeka mwili mzima isipokuwa mkono, na mkasi ukaingia kwenye hariri na ukapita, ukapinda palipotakiwa kupinda, ukaizunguka ile pembe iliyoliwa kana kwamba iliachwa wazi kwa makusudi, na kile kitu kikabaki kimemng'ang'ania mdomoni kikinyonya kama mtoto kwenye ziwa lililokauka, mashavu yakibonyea, mwili ukinywea, mpaka kikabanduka kwa sauti ndogo ya kuchukiza. Kikapanda ukutani. Kikatoka dirishani, kikaacha michirizi ya konokono.

Fundi akaweka mkasi mezani.

"Nina kiu," akasema. Akanywa mtungi karibu wote.

Siku ya harusi Kifungo alikwenda ukumbini na sindano yenye uzi imechomekwa kwenye ukosi, kama washonaji waendavyo. Fundi alibaki nyumbani amelala, bado tumbo linamuuma. Alikosa kuona. Mwalimu alipoingia, ile hariri ilikuwa inapanda juu ya kibyongo kama maji yapandavyo jiwe na kuteremka upande wa pili bila haraka, haifichi kitu, haiombi radhi, na nyonga iliyoshuka ilikuwa imegeuzwa mwendo. Kwa muda wa pumzi chache watu walitazama kwa macho yao. Shangazi mmoja, aliyejulikana kwa kutomsifu mtu, alijikuta ameshika kifua.

Kisha mtu mmoja akainua simu. Wakainua wote.

Kijana aliyekuwa akirekodi kinyumenyume mbele ya bibi harusi alijikwaa, akakanyaga pindo, na hariri ikalia, ikachanika. Hakuomba samahani, alikuwa anatazama kama imetoka vizuri. Kifungo alipenya kati ya miguu ya watu, akapiga magoti sakafuni, akaukamata ule mchaniko wa kitambaa kabla haujapanda. Na pale chini akaisikia harufu. Ule mto wa mgonjwa. Akasikia, chini ya muziki, juu ya kichwa chake, pande zote, kutafuna.

"Mwalimu," akanong'ona. "Wako wangapi?"

Mwalimu alikuwa amesimama wima kabisa, anatabasamu, maana ndivyo bibi harusi hutakiwa. Alijibu bila kusogeza midomo.

"Usiinue uso, mdogo wangu. Shona."

Kitu cha uvuguvugu kikamdondokea Kifungo kwenye kisogo. Kizito. Kikavutika polepole kuelekea ndani ya ukosi, na kingine kikafuata, na kingine. Hapakuwa na chaki ya kufuata. Akaangalia hariri ilivyopasuka, akaamua mwenyewe pa kuanzia, akapitisha sindano.